Bahari Haiko Mbali na Awasi

Yako maneno ambayo ni mepesi kusemwa, na kwa wepesi wake hupata wachukuzi wengi. Moja la maneno hayo ni kwamba elimu ya bahari na hewa ni elimu ya watu wengine. Husemwa kwamba mkaaji wa Awasi, katika nchi tambarare ya Kano, ambaye pengine hajapata kuiona bahari ila katika picha, hana haja ya kujua kama maji ya Bahari ya Hindi yamezidi joto au yamepoa. Kwamba habari za hewa chafu ni za miji mikubwa yenye viwanda. Na kwamba fedha zitumiwazo kupima vitu hivi zingefaa zaidi kununua madawati, dawa na mbegu. Nimeyasikia maneno haya sokoni na katika mikutano ya wazazi. Jambo linihuzunishalo zaidi ni kwamba nimeyasikia pia katika chuo cha ualimu, vinywani mwa vijana watakaowafundisha wadogo zenu kesho. Kusudi langu katika insha hii ni kuyapinga, na ninakuomba wewe msomaji uzipime hoja zangu kama upimavyo hesabu, wala usizikubali kwa sababu tu zimeandikwa na mwalimu.

Tuanze na umbali, maana huo ndio ngao yao kubwa. Kutoka Mombasa hadi Kisumu, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 700. Kwa miguu ya mtu umbali huo ni mkubwa. Kwa upepo ni mdogo. Katika miaka ya kawaida maji ya Bahari ya Hindi yaliyo upande wa Indonesia huwa na joto kuliko yaliyo upande wetu wa Afrika, na mvua nyingi hufuata joto hilo huko mashariki. Lakini iko miaka ambayo mizani hii hupinduka: upande wa Indonesia hupoa, upande wa Afrika hupata joto, mvuke mwingi huinuka baharini, na mvua za vuli katika nchi yetu huwa kubwa kupita kiasi. Saji na wataalamu wenzake waliieleza hali hii mwaka 1999, nayo huitwa daipoli ya Bahari ya Hindi. Jina ni geni, walakini jambo lenyewe si geni hata kidogo kwa watu wa Kano. Wamelala nalo nyumba moja.

Mwaka 1961 mizani ilipinduka. Kati ya mwaka huo na mwaka 1964 Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2019 mizani ilipinduka tena, kwa nguvu ambayo haikuwa imeonekana kwa miongo mingi; mvua za vuli zikaunganika karibu na mvua za masika ya 2020, na katika mwezi wa Mei kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, yaani sentimita 1 juu ya alama ya mwaka 1964. Usiidharau sentimita hiyo. Eneo la ziwa ni kilomita za mraba 68,800 hivi. Chukua kalamu ufanye hesabu mwenyewe: sentimita moja ya maji juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 688. Na maji hayo yalitoka wapi? Wengi hudhani kwamba ziwa hulishwa na mito, kama Nyando na Nzoia. Mito huleta sehemu yake, lakini zaidi ya robo tatu ya maji yaingiayo katika Ziwa Victoria hushuka moja kwa moja kutoka mawinguni. Basi wakati wasemaji wetu walipokuwa wakisema kwamba bahari haituhusu, bahari ilikuwa imekwisha kufika. Ilipita angani juu ya Machakos na Nakuru, ikateremka juu ya ziwa na juu ya milima ya Nandi na Kericho, ikaujaza mto Nyando hadi ukatoka kitandani mwake, ikaingia katika nyumba za watu na kulala juu ya mahindi na mpunga. Mwanafunzi wa Awasi au Ahero hana haja ya kuelezwa na mimi jinsi darasa linavyokuwa linapogeuzwa kuwa makao ya jamaa zilizofukuzwa na maji.

Hapo mpinzani wangu huinua kidole na kuniuliza: je, mafuriko hayakuwako zamani? Yalikuwako. Kano ni tambarare chini ya milima, na maji hayana njia nyingine ila kupita hapo. Wala sitaki kijana yeyote atoke katika kurasa hizi akiamini kwamba kila tone la mvua kubwa limeletwa na joto la dunia. Miti iliyokatwa milimani, mitaro iliyozibwa kwa takataka na nyumba zilizojengwa mahali ambapo babu zetu walikataa kujenga, yote yana hatia yake. Lakini swali la busara ni hili: jambo lililokuwa likija mara chache, je, sasa litakuja mara nyingi? Na swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu akaaye Awasi akiitazama Nyando peke yake, hata awe na macho makali namna gani. Jibu lake liko baharini. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, umekuwa ukiongezeka joto kwa zaidi ya miaka 100, na katika muda huo joto la maji yake limepanda kwa zaidi ya digrii 1. Mwaka 2014 Cai na wenzake walikadiria kwamba, kama dunia itaendelea kutoa moshi wake kwa wingi, mapinduko makali ya mizani ile, ambayo yalikuwa yakitokea mara moja katika miaka 17 hivi, yatatokea mara moja katika miaka 6 katika karne hii. Fikiri maana yake kwa mkulima. Katika miaka 17 mtu huweza kujenga upya, kununua ng'ombe na kumsomesha mtoto mmoja hadi amalize. Katika miaka 6 hajamaliza hata kulipa deni la mabati.

Sababu ya joto hilo inajulikana. Mkaa wa mawe, mafuta na gesi vinapochomwa hutoa hewa ya ukaa, nayo huzuia joto la dunia lisitoke upesi kwenda juu. Zaidi ya sehemu 90 katika kila sehemu 100 za joto lililozidi zimemezwa na bahari. Bahari imetubebea mzigo huu kimyakimya, na sasa inatuletea ankara yake kwa njia ya mvua.

Nakuja kwa mpinzani wa pili, ambaye ni mwerevu kuliko wa kwanza. Yeye hakatai kwamba dunia inapata joto. Husema: "Si sisi tuliochoma. Marekani, Ulaya na China ndio waliochoma, basi na wapime wao na walipe wao." Katika neno hili mna haki, na sitaki kuifunika. Afrika nzima hutoa chini ya sehemu 4 katika kila 100 za hewa ya ukaa itolewayo duniani kila mwaka, na mkulima wa Kano ambaye chombo chake cha kuchoma mafuta ni taa ya chumbani hawezi kuwekwa katika kiti kimoja cha mashtaka na mwenye viwanda mia. Aliyechoma sana alipe sana. Waafrika wasemao hivyo katika mikutano ya mataifa wanasema kweli, nami nawaunga mkono.

Lakini ona jinsi hoja nzuri inavyoweza kugeuzwa kuwa godoro la kulalia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na hapa tumefanya jambo la ajabu zaidi, maana hata mzigo wetu wenyewe tumeuita wa mwenzetu. Moshi uliomo katika jiko la mama yako haukutoka China. Umetoka katika meko ya mawe matatu, kwa kuni zilizo mbichi, ndani ya chumba chenye dirisha dogo kama daftari. Moshi unaoning'inia juu ya barabara kuu wakati malori yanapopanda kuelekea Kericho ni wetu. Mabua ya mpunga yachomwayo baada ya mavuno na mashamba ya miwa yatiwayo moto kabla ya kukatwa, hata majivu meusi yakaangukia nguo zilizoanikwa, ni yetu pia. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na miongoni mwao wamo watoto wengi waliokuwa hawajatimiza miaka 5. Mwaka 2021 shirika hilo hilo liliweka kikomo cha vumbi laini la moshi, lile ambalo punje yake moja ni nyembamba kuliko unywele wa mtu mara 30 hivi, na kwa hiyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Kikomo hicho ni mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Katika jiko la kuni lililofungwa kipimo hufika mamia. Mama aliyesimama hapo miaka 20 akipika ugali amevuta nini? Na yule abanikaye samaki ufukoni, ambaye moshi ndio kazi yake kutwa nzima? Watu husema kwamba kifua chake ni kibovu, kana kwamba alizaliwa nacho.

Labda utauliza, moshi wa jikoni na bahari vina uhusiano gani hata nikavitia katika insha moja. Uhusiano uko, nao uko katika maji tunayokunywa. Mwaka 2005 Tamatamah, mtaalamu wa Tanzania, na wenzake walitoa matokeo ya kupima kile kiangukacho kutoka hewani hadi katika Ziwa Victoria. Walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi iingiayo ziwani hushuka kutoka angani, katika mvua na katika vumbi. Fosforasi ni mbolea. Hutoka katika udongo mkavu uliopeperushwa na katika majivu ya mimea iliyochomwa. Kwa hiyo anayewasha moto shambani akidhani kwamba upepo umeuchukua moshi wake na mambo yamekwisha, amekosea. Upepo umeupeleka ziwani kulisha viumbe vya kijani vifananavyo na mwani. Na kwa kuwa mji wa Kisumu na mashamba ya miinukoni nayo huongeza uchafu wake kupitia mito, ghuba ya Winam, ambayo ni ya kina kifupi na hupumua kwa mlango mwembamba wa Rusinga, hugeuka rangi na kuwa kama rangi ya mbao iliyomwagwa. Baadhi ya viumbe hivyo vya kijani hutoa sumu iitwayo mikrosistini, ambayo huharibu ini. Liweke neno hili moyoni na uwaambie wa nyumbani: kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, bali sumu hii hakuiondoi.

Joto nalo hushirikiana na mbolea hiyo kama wezi wawili, mmoja akishika tochi na mwingine akifungua mlango. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Tena maji ya moto ni mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi na kukataa kuchanganyika nayo, hata yaliyo chini yakakosa pumzi. Mtaalamu Talling aliyapima maji ya Ziwa Victoria mwaka 1960 na 1961. Wengine waliofuata nyayo zake karibu miaka 30 baadaye waliona kwamba maji ya kilindini sasa hukosa oksijeni katika eneo kubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Katika Ziwa Tanganyika, makundi mawili ya wataalamu yalitangaza mwaka 2003 kwamba kwa sababu ya joto maji yamepungua kuchanganyika, na chakula cha kulisha viumbe vya juu hakipandi tena kutoka kilindini kama zamani. Karibu na nyumbani, mwishoni mwa mwaka 2022, samaki walikufa kwa wingi katika vizimba vya wafugaji upande wa Kisumu, na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walieleza kwamba samaki wale walikosa oksijeni. Kabla ya maelezo hayo kutoka, vilikuwako visa vya kila namna: huyu alimshuku jirani kuwa ametia sumu, yule alilishuku shirika. Hivyo ndivyo ilivyo penye watu wengi na vipimo vichache: hasara ikitokea, kitafutwacho kwanza ni mchawi.

Nirudi sasa kwa yule wa madawati, kwa kuwa hoja yake ya fedha ndiyo ipendezayo masikio ya wengi. Husema vipimo ni anasa ya matajiri. Mimi namwuliza: kipimo cha ziwa ni kitu gani? Ni ubao wenye namba uliosimamishwa majini, na mtu wa kuusoma. Kimo cha Ziwa Victoria kimeandikwa hivyo tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kwa sababu hiyo pekee tunaweza kusema leo kwamba maji ya Mei 2020 yaliipita alama ya 1964. Pasipo orodha ile mzee mmoja angesema maji ya ujana wake yalikuwa makubwa zaidi, kijana angebisha, na wote wawili wangekwenda kujenga mahali pale pale. Huko Hawaii, juu ya mlima Mauna Loa, Charles Keeling alianza mwaka 1958 kupima hewa ya ukaa. Alipata sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni moja za hewa. Leo ni zaidi ya 420. Mwaka 1964 fedha zilipunguzwa na kazi yake ikakatika kwa miezi michache, na pengo hilo bado laonekana katika orodha yake hadi leo, kama jino lililong'oka. Miezi ile hairudi. Dawati lisilonunuliwa mwaka huu laweza kununuliwa mwakani. Kipimo kisichochukuliwa leo hakichukuliki kesho.

Kenya yetu si kwamba haina kitu. Tangu mwaka 1999 kipo kituo juu ya Mlima Kenya kipimacho hewa kwa ajili ya dunia nzima, nacho ni heshima kwetu. Lakini kiliwekwa juu huko kwa makusudi, kiwe mbali na moshi wa watu. Nani apimaye hewa ya stendi ya Awasi saa moja jioni, wakati wachoma mahindi, magari na majiko vyote vinapofanya kazi pamoja? Nani alitiaye alama ghuba ya Winam kila wiki, katika mwaka wa njaa na mwaka wa shibe, bila kungojea samaki wafe kwanza? Hayo ni maswali ambayo wazazi wenu wana haki ya kuyauliza katika baraza la kaunti wakati wa kugawa fedha, nanyi mtakuwa na haki hiyo mtakapotimiza miaka 18. Mtu asiyekuwa na namba mkononi hujibiwa kwa ahadi. Mwenye namba huwa vigumu kumjibu hivyo.

Msingojee hata hivyo kura wala mshahara. Chombo cha kupimia mvua chaweza kutengenezwa kwa kopo lenye mdomo na kitako vya upana mmoja, likawekwa uwanjani mbali na miti na kuta, na kimo cha maji kikapimwa kwa rula iliyonyooka, kwa milimita. Darasa moja likiweza kufanya hivyo miaka minne, na kumwachia daftari darasa lifuatalo, shule itakuwa na kitu ambacho hakiwezi kununuliwa mahali popote duniani, yaani mvua ya mahali pale penyewe, siku kwa siku. Wagawane zamu, na zamu ziendelee hata wakati wa likizo, kwa wale wakaao karibu. Kipimo husomwa saa tatu asubuhi. Siku isiyo na mvua huandikwa sifuri, haiachwi wazi.